Kufuli Mbili: shajara ya kuomba kibali cha jaribio la mafuta ya bangi, Kampala

Januari 11, 2025. Bombo

Kikao cha kwanza, chini ya mwembe wa Afande, kwa chai ya tangawizi na mandazi ya mkewe. Tumekuwa sita. Afande mwenyewe, mganga wa jeshi aliyestaafu, miaka 67, na bado shati lake limenyooshwa kama anangoja gwaride. Daktari wa watoto, ambaye tukifanikiwa atakuwa mtafiti mkuu. Wakili, kijana wa Busia. Mama Mapacha wa Nsambya, aliyetoka Bukavu, ambaye mmoja wa mapacha wake ana kifafa kisichosikia dawa. Kijana wa mitandao, aliyefika chai imeshapoa. Na mimi, muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia wagonjwa mateso, ninayezunguka Makindye na Katwe na chupa za morfini begini.

Tunaongea Kiswahili kwa sababu hatuna lugha nyingine inayotutosha sote. Daktari ni Mwacholi, Mama Mapacha hajui Kiganda cha kutosha hata kununua nyanya bila kuibiwa, na mimi nilizaliwa kambini Jinja, ambako Kiswahili ndicho tulichogombania mpira.

Kilichoamuliwa: hatuiombi serikali iruhusu bangi. Tunaiomba iruhusu jaribio. Kijana aliona ni maneno yaleyale yamegeuzwa. Afande akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambi: "Hiyo iko mambo mbili. Hapana changanya."

Januari 18

Somo la sheria kutoka kwa Wakili. Naliandika kwa kifupi maana nitaulizwa kila ninakokwenda.

Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila idadi ya wabunge inayotakiwa. Kesi ilikuwa ya wakulima na wauzaji wa mairungi, yaani miraa, wa Wakiso. Stejini kwetu boda walishangilia wakidhani bangi imekuwa halali, lakini mahakama haikusema hivyo. Ilisema wabunge hawakuhesabiwa. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria upya, na bangi na mairungi vikabaki mle ndani. Ila kuna mlango: tiba na sayansi, kwa kibali. Mlango huo umetoka mbali, kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ambao tangu mwanzo ulizibakiza dawa hizi kwa matumizi ya tiba na sayansi. Na Desemba 2, 2020, kule Vienna, nchi wanachama wa tume husika zilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuitoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba huo, lile la vitu vyenye hatari kubwa na manufaa madogo ya tiba. Imebaki Jedwali la Kwanza, pamoja na morfini.

Pamoja na morfini. Nilimwomba Wakili arudie.

Halafu akataja Kasese. Kule kulilimwa bangi ya tiba kwa kibali, kwa ushirikiano na kampuni ya Israeli, ili mavuno yapelekwe nje. Mama Mapacha alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama mgonjwa wa nje anaumwa kuliko wa Nsambya. Hakuna aliyemjibu.

Januari 25

Leo nimeshindwa hoja, na nimeshindwa kwa haki.

Nilikuja na wazo langu: jaribio liwe la maumivu ya saratani. Ndiyo kazi yangu, ndio wagonjwa ninaowajua. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitolea karatasi. Dawa ya kupuliza mdomoni inayotengenezwa kutokana na bangi, ile iliyokubaliwa Uingereza mwaka 2010 kwa kukakamaa misuli kwa wagonjwa wa ugonjwa wa neva, imeshajaribiwa kwa maumivu ya saratani katika majaribio makubwa, na haikuipita plasibo, dawa ya kulinganishia isiyo na kiini, kwenye kipimo kikuu. "Ukienda kwa kamati na swali hilo," akasema, "wataniuliza nimesoma nini."

Kwa kifafa hali ni tofauti. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali cha utotoni. Waliopewa kanabidioli, ile sehemu ya bangi isiyolevya, walishuka kutoka degedege 12.4 kwa mwezi, kwa mtoto wa katikati ya orodha, hadi 5.9. Wa plasibo walikuwa 14.9, wakaishia 14.1. Juni 2018 Marekani ikaiidhinisha dawa hiyo.

Basi kwa nini turudie sisi? Swali hili Daktari alilijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Dravet ni ugonjwa wa vinasaba. Watoto wanaojaa kliniki yake, wengi wao kifafa chao kilianzia kwenye uzazi uliochelewa, au malaria iliyopanda kichwani. Na kwao Kitgum na Pader kuna lucluc, ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao mwaka 2012 Wizara ya Afya ilifungua vituo maalumu kwa ajili yake. Hakuna anayeweza kuchukua matokeo ya mtoto wa Dravet wa Marekani na kumvika mtoto wa Pader. Lazima kupima hapa.

Nimekubali. Nimerudi nyumbani nimenuna kidogo, sifichi.

Februari 4

Mji mzima unanawa mikono. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa Januari 30, na jana, Februari 3, jaribio la chanjo limezinduliwa hapa Kampala. Siku nne. Limepewa jina la Kiswahili, Tokomeza.

Kijana amepagawa: "Siku nne! Na sisi tunaambiwa mwaka mzima!" Alitaka tuandike barua kwa magazeti usiku uleule.

Afande ndiye aliyetuliza. Alikumbusha mwaka 2022, Ebola hiihii ilipozuka Mubende mwezi wa Septemba. Chanjo za majaribio zilitua Entebbe Desemba, wagonjwa wamekwisha, hakuna wa kumjaribu. Watu hawakutupa makaratasi yao. Waliyaweka tayari, wakangoja. Hizo siku nne zina miaka miwili nyuma yake.

Nimekaa nalo hili. Sisi tuna nini tayari? Tuna mwembe na mandazi.

Februari 22

Leo nimezungumza mimi, na nimezungumza sana.

Nilianza na begi langu. Nikatoa chupa tatu mezani: morfini ya maji, kijani ile hafifu, waridi iliyo kali, bluu iliyo kali zaidi. Rangi zimewekwa ili bibi kijijini asiyejua kusoma asichanganye. Nikawauliza: hii ni dawa inayotoka kwenye afyuni, inalevya, ikizidi inaua. Ilikuwaje serikali hii, yenye sheria kali hivi, ikubali muuguzi kama mimi apande nayo boda?

Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, mgonjwa wa saratani hapa alikuwa anakufa akipiga kelele. Alikuja na unga wa morfini unaokorogwa kwenye maji, rahisi kabisa. Lakini unga haukuwa kitu kigumu. Kigumu kilikuwa hofu: itaibwa, itauzwa, vijana wataharibika. Maneno haya haya. Na jibu lililoishinda hofu halikuwa hotuba kuhusu maumivu, ingawa hotuba zilikuwepo. Lilikuwa kabati la kufuli mbili, daftari lenye kurasa zilizohesabiwa, na saini mbili kwa kila mililita iliyotoka. Miaka 11 baadaye, 2004, Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kwa sheria wauguzi na maafisa tabibu waliopewa mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa morfini. 

Mimi ni mtoto wa sheria ile. Daftari langu la kwanza nililifunga mwaka wa tatu wa kazi, likakaguliwa, na mkaguzi akakuta nusu mililita imepotea. Nusu! Nilikuwa nimemwaga nikipima, kwenye kitanda cha mgonjwa, Katwe, taa imezimika. Nilieleza kwa maandishi kurasa mbili. Wakati ule nilimchukia mkaguzi. Leo ndiye hoja yangu kubwa.

Kwa hiyo pendekezo langu: ombi letu lisianze na watoto wanaoteseka. Kila ombi huanza hivyo, na msomaji wa serikalini ana wanawe pia, hahitaji kulizwa. Lianze na kabati. Ukurasa wa kwanza useme chupa zitaingia ngapi, zitakaa wapi, nani ana ufunguo, tone likimwagika kinafanyika nini. Hawa watu hawaogopi mmea. Wanaogopa kuulizwa "ulikuwa wapi" siku chupa ikikutwa mtaani Kisenyi.

Mama Mapacha hakupendezwa. Alisema mtoto wake amekuwa mstari wa pili nyuma ya kufuli. Ana haki ya kusema hivyo.

Machi 8

Ugomvi wa jina. Daktari anataka hati zote ziseme kanabidioli, neno bangi lisionekane. Afande anataka bangi iandikwe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, kwa sababu "mtu akigundua mwenyewe, iko sema tulimficha". Niko upande wa Afande. Kampala nzima itaiita enjaga, bangi kwa Kiganda, hata tukiibatiza kwa Kilatini.

Tumeafikiana: kichwa cha hati kitasema kanabidioli iliyosafishwa, itokanayo na mmea wa bangi. Ndani ya hati, kanabidioli.

Machi 29. Nsambya

Siku ya kuijaribu hati ya ridhaa kwa wazazi. Kamati ya maadili haipokei hati ambayo mzazi haielewi kwa lugha yake, na tutakuwa na Kiganda, Kiacholi, Kinyankole na Kiswahili. Cha Kiswahili nimepewa mimi, na nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Akina mama 11, karibu wote wa Kongo, kwenye kibanda cha kanisa. Nikaanza kusoma.

Nilipofika "plasibo" nilieleza kuwa ni dawa isiyo na kiini. Mama mmoja akatafsiri kwa wenzake: dawa ya uongo. Kibanda kikachafuka. Nani ampe mtoto wake dawa ya uongo? Tumekimbia vita tuje kudanganywa na chupa? Nilirudi nyuma. Nikasema watoto wote wataendelea na dawa zao za kila siku, hakuna anayenyang'anywa kitu, ila juu yake nusu wataongezewa mafuta yenye dawa na nusu mafuta matupu ya ufuta, yenye ladha ileile, na hata mimi sitajua chupa ipi ni ipi. "Hata wewe?" Hata mimi. Hilo liliwatuliza zaidi ya maelezo yote. Kumbe tatizo halikuwa uongo, lilikuwa kwamba kuna mtu anajua na wao hawajui.

Kisha kugawanywa. Nilikuwa nimeandika "watoto watagawanywa kwa kura". Mama Mapacha akacheka mpaka akashika ubavu. Mwaka wa uchaguzi, kuandika kura! Mwingine aliuliza kwa dhati kama mkimbizi naye ataruhusiwa kupiga. Nikabadilisha: "kwa bahati nasibu". Hapo wakafikiria vibanda vya kamari vya Kabalagala. Mwisho bibi mmoja aliyekuwa kimya akasema: kwao watoto wakigombania kiti, mtu mzima huficha jiwe dogo katika ngumi moja, wao wakachagua ngumi. Nimeandika hivyo hivyo. Jiwe katika ngumi. Daktari alisoma akasema kamati itashangaa. Nikasema kamati nayo ilikuwa watoto.

Neno la ugonjwa lenyewe tuliliacha kwa namna mbili: kifafa, au ugonjwa wa kuanguka. Degedege tukaitumia kwa tukio, si kwa ugonjwa.

Kulikuwa na mchungaji mlangoni tangu mwanzo. Aliondoka bila kuaga. Nyongeza, Jumapili: nimeambiwa amehubiri kuhusu watu wanaotaka kuwavutisha watoto bangi. Nitamfuata.

Aprili 5

Nimemfuata mchungaji. Nilienda na chupa ya mafuta ya ufuta kutoka dukani na bomba la kupimia, nikamwonyesha mililita mbili zinavyoonekana. Aliuliza moshi uko wapi. Hakuna moshi, Mchungaji. Alichukua bomba akalizungusha vidoleni. Hajaahidi kitu, lakini amesema Jumapili ijayo atahubiri habari za Yona.

Aprili 19

Fedha. Mfadhili aliyekuwa ameonyesha nia amejitoa. Tangu Januari, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kila mlango tunaogonga una foleni ya watu waliopoteza zaidi yetu. Kliniki ninazozijua zimeachisha wahudumu. Kuomba pesa za jaribio mbele ya mtu aliyekosa za kondomu na vipimo ni aibu fulani, na aibu hiyo nimeihisi.

Tumepunguza: watoto 40, kituo kimoja, wiki 14.

Mei 10

Faili limepotea. Ofisi moja jijini, siitaji. Tulilipeleka Machi tukapewa muhuri, leo hakuna anayelijua. Karani alitafuta kwa moyo wote, nampa haki yake, lakini kabati lake lilikuwa limefungwa kwa kamba ya viatu. Nimepeleka nakala ya pili. Shilingi 38,000 za kuchapa, 10,000 za boda. Tangu leo kila hati ni nakala nne, moja inakaa Bombo kwa Afande ndani ya sanduku la bati.

Mei 31

Hesabu za chupa. Mtoto wa kilo 20, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, ni miligramu 200. Dawa ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo mililita 2 kwa siku. Wiki 14 ni siku 98, mililita 196. Chupa mbili za mililita 100, zinabaki mililita 4. Watoto 20 wa dawa halisi, chupa 40, plasibo 40. Masalio mililita 80 kwa dawa halisi, yarudishwe, yaandikwe, yateketezwe mbele ya mashahidi.

Nikampelekea Afande kwa fahari. Akasoma kwa kidole. "Na ile mtoto ambaye atatapika?"

Sikuwa nimeweka matapishi. Nimerudia hesabu yote. Tumeongeza chupa moja ya akiba kwa kila watoto wanne, na fomu ya kutapika. Naamini sisi ni watu wa kwanza Bombo kujadili matapishi saa mbili nzima kwa hiari.

Juni 21

Kampuni ya nje inayotengeneza dawa ya aina hii imejibu. Wako tayari kufikiria kutoa chupa bure, kwa sharti tuwe na kibali cha kuingiza. Kibali hakitolewi bila barua ya kampuni. Wakili amewaandikia tena akiomba barua yenye sharti ndani yake: tutatoa, ikiwa kibali kitatoka. Bei ya dawa hii ilipoanza Marekani ilikuwa karibu dola 32,500 kwa mgonjwa kwa mwaka. Nimeacha kumwambia Mama Mapacha namba hiyo. Aliuliza, nikajifanya nimepigiwa simu.

Julai 17

Tumefika mbele ya kamati ya maadili. Nilijiandaa kwa maswali ya bangi. Hawakuuliza hata moja la bangi! Waliuliza ini.

Watoto wengi wenye kifafa sugu hapa wanatumia valproeti, dawa ya kifafa. Kanabidioli juu ya valproeti huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, ishara kwamba ini linaumia. Je, tutapima damu mara ngapi? Maabara ipi? Ikipanda mara tatu nani anaamua kusimamisha, na usiku wa manane anaamua nani? Na mtoto anayeishi mbali atafikaje? Tulikuwa tumeandika kupima mwanzo na mwisho tu. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alisema taratibu: "Kwa hiyo katikati mnamwachia Mungu?"

Hati imerudi na masahihisho 23. Daktari alitoka amekunja uso. Mimi nilitoka nimefurahi, na sikumwonyesha. Maswali haya ndiyo yanayomlinda mtoto, na hakuna kijana wa mitandao ambaye angeyauliza.

Agosti 9

Nimengoja siku tatu kuandika hili.

Jumatano usiku Mama Mapacha alinipigia. Mtoto alikuwa ameanguka mara sita tangu mchana. Nilifika saa nne. Alikuwa amelala, ulimi umeumwa, pacha mwenzake amekaa kando ameushika mguu wake. Mezani kulikuwa na kichupa cha kahawia, hakina karatasi, kimefungwa kwa nailoni. Mafuta ya bangi. Alikinunua Kisenyi kwa shilingi 150,000, nusu ya kodi yake ya nyumba. Muuzaji alimwambia matone matano chini ya ulimi. Hakuwa amempa bado. Alitaka nimwambie nimpe kiasi gani.

Mimi ndiye niliyemletea habari za 12.4 na 5.9. Mimi ndiye niliyemfundisha neno kanabidioli.

Nilimwambia sijui kilichomo. Inaweza kuwa mafuta ya kupikia. Inaweza kuwa na sehemu inayolevya nyingi kuliko ile tunayoitaka, na kwa ubongo wa mtoto mwenye kifafa hiyo ni hatari nyingine. Na mtoto yuko kwenye valproeti. Alinisikiliza, kisha akasema kitu ambacho sina jibu lake hadi leo: "Dada, wewe una daftari. Mimi nina mtoto."

Tulimpeleka hospitali na boda wawili, mimi na mtoto, yeye na pacha. Alipewa dawa ya kutuliza, asubuhi akaamka akaomba uji.

Kichupa alikibakiza. Sikumnyang'anya. Sijui kama nilipaswa. Afande anasema nilipaswa, Daktari anasema nisingeweza. Nimeiandika kwenye ombi letu, bila jina wala mtaa, katika sehemu ya hatari za kutofanya jaribio: kwamba mafuta yapo mjini tayari, yanauzwa, na yanawafikia watoto bila kipimo, bila damu kupimwa, bila mtu wa kupigiwa simu. Hiyo ndiyo aya pekee katika kurasa 94 isiyo na kufuli ndani yake.

Agosti 23

Kijana ametuaga. Alitaka maandamano hadi Bungeni na mabango ya jani la bangi. Tulikataa wote watano, Mama Mapacha kwa sauti kubwa kuliko wote: mkimbizi akikamatwa kwenye maandamano hana pa kurudi. Hatukugombana. Ametuachia nenosiri za kila kitu.

Septemba 26

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, chenye masharti manne. Vipimo vya ini sasa ni wiki ya 2, ya 4, ya 8 na ya 14. Nimeisoma barua nikiwa nimesimama Wandegeya, katikati ya kelele za taksi, na muuza rolex, chapati ya mayai, ameniuliza nani amekufa.

Kwa wabunge hakuna wa kumwona. Majina ya wagombea urais yamepokelewa wiki hii na kila mtu yuko jimboni. Wakili anasema ni afadhali; jambo letu likiingia kwenye kampeni litaliwa.

Oktoba 15

Tumewasilisha ombi la cheti cha jaribio kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, na hati za utafiti kwa Baraza la Sayansi na Teknolojia, Ntinda. Majalada mawili, kilo saba na nusu. Afande aliyapima kwenye mizani ya duka la mahindi. Barua ya kampuni yenye sharti ndani yake imo. Bima ya washiriki imo, baada ya kampuni tatu za bima kukataa pale tu waliposikia neno bangi. Ya nne iliuliza kama mafuta yanawaka moto, tukasema kama mafuta yoyote, wakaandika.

Ukurasa wa kwanza ni mchoro wa kabati.

Novemba 6

Kabati limekuja mapema, kabla ya kibali. Fundi wa Katwe, chuma cha milimita tatu, kufuli mbili za funguo tofauti. Daktari anaona ni haraka. Mimi nilitaka picha yake halisi ipatikane wakiulizia. Ndani hakuna kitu ila daftari jipya, kurasa 200, nimezipa namba kwa mkono mpaka kidole kikavimba.

Novemba 20

Maswali ya wakaguzi yamerudi. Kumi na sita. Mengi tunayaweza. Namba 14 ilitubana: wiki ya uchaguzi wa Januari, mfamasia akiwa amekwenda kwao kupiga kura, nani atashika ufunguo wa pili? Mtu huyo awe na mafunzo ya kanuni za utafiti kwa binadamu na cheti kisichopitwa na wakati.

Tulitazamana. Daktari hawezi, ndiye anayeandika dozi. Mimi nina ufunguo wa kwanza. Afande akavua kofia.

Novemba 29. Bombo

Siku tisa Afande amesoma kozi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiegemea mwembe. Iko kwa Kiingereza. Nilimtafsiria sura mbili, ya tatu akanifukuza. Jaribio la kwanza alipata 72. Hakusema na mtu hadi jioni; mkewe alitupigia kutuuliza tumemfanya nini mzee.

Leo amerudia. Alama ya kupita ni 80, amepata 84. Cheti nimekichapa nakala nne. Moja imeingia kwenye majibu, swali namba 14. Moja ameomba aiweke ukutani, karibu na picha ya kambi ya Jinja. Jumatatu tunapeleka.